Sindano Niliyoijaribu kwa Kidole

Siku yangu ya kwanza katika zahanati moja upande wa Mamba, milimani kule Same, Mganga Msaidizi alinipa jiwe la kunolea, dogo la kuenea kiganjani. "Nesi, hili ni lako. Likipotea utanoa kwa meno."

Ninyi vijana mnafungua sindano kwenye karatasi yake, mnachoma, mnatupa. Sisi, miaka ile ya Ujamaa, sindano moja ilihudumia watu wengi. Unachoma, unaosha, unachemsha, unanoa ikiwa butu, kisha unachemsha tena. Ncha ilijaribiwa kwa pamba: ikinasa nyuzi, bado ina kikwaruzo. Lakini sisi wazoefu tulijaribu kwa kidole, eti ndio haraka, na tukajiona mafundi kweli.

Siku moja aliletwa mkata mkonge kutoka mashamba ya tambarare, macho yake ya manjano. Nikamchoma sindano. Foleni ilikuwa ndefu, kuni mbichi, jiko linatoa moshi tu. Basi nikaruka kuchemsha kwa kwanza. Nikaosha, nikanoa, nikajaribu ncha kwa kidole gumba, ikazama. Damu ikatoka.

Niliosha kwa sabuni nikaendelea na foleni. Sikumwambia mtu. Niliogopa kuitwa mzembe, lakini zaidi nilimwogopea Nakunda, binti yangu wa miezi minne, aliyekuwa ananyonya. Ugonjwa ule wa ini tuliuogopa, na pale kwetu hakuna aliyejua vizuri unapitia wapi. Jioni ile nilimnyima ziwa, nyumbani nikasingizia maziwa yamekauka.

Mama mkwe akanipikia uji mzito. "Mwanangu, maziwa hayakauki hivi hivi. Nani kakuudhi?"

"Hakuna, mama."

Mtoto analia, kifua kimejaa kinauma, nami nimegeukia ukutani nalia naye. Kila asubuhi nilitazama macho yangu kwenye kioo, kisha yake. Sitamani mtu yeyote apitie wiki zile.

Wiki ya pili Mganga aliona blauzi yangu imelowa. "Nesi, mbona humnyonyeshi mtoto?" Nikamwonyesha kidole na kumweleza yote. Alikuwa mkali yule mzee, nikajiandaa kufokewa. Akavuta kigoda, akakaa.

"Mimi nilijichoma na sindano ya mgonjwa nikifanya kazi Hedaru," akasema. "Miezi mitatu sikumkaribia mke wangu, wala sikumwambia kwa nini. Akadhani nina mwanamke mwingine. Ungeniambia siku ile ile, Nesi."

Tangu hapo alinikagua macho kila Jumatatu, bila kejeli. Sikuugua, wala mtoto hakuugua. Ila hadi tulipohakikisha hilo maziwa yalikuwa yamekauka kweli, hayakurudi tena, Nakunda akakulia uji na maziwa ya ng'ombe.

Nilipostaafu niliwasimulia wanafunzi wa uuguzi pale Same mjini. Nikawaambia, ukichomwa sema siku hiyo hiyo, usikae nalo peke yako. Binti mmoja akanifuata baadaye. "Shikamoo bibi. Samahani, siku hizi tunafundishwa kwamba mama aliyechomwa hivyo anaendelea kunyonyesha. Maziwa yako yasingemdhuru."

Niliumia sana. Miaka yote hiyo nilijifariji kwamba nilimwokoa.

Nikamweleza Nakunda mwenyewe, sasa mtu mzima mwenye watoto wake.

"Mama, wiki zile mbili kabla ya Mganga kujua, ulikuwa na nani?"

"Na wewe tu," nikamwambia. "Na wewe nilikuwa nimekugeuzia mgongo."