Mazoezi ya Kumwandaa Mama kwa Bodi ya Ardhi

Daktari alimwambia baba waziwazi kwamba kifua chake hakiwezi tena baridi ya Kibugu, ahamie kwenye joto. Kule Mbeere, kwenye joto hilo, tulikuwa na kipande cha ardhi, lakini ili tujenge huko ilibidi tuuze boma letu la Kibugu, nyumba na michai yote. Mnunuzi alipatikana upesi, mwalimu mstaafu, mpole. Kilichobaki ni bodi ya ardhi, na bodi haipitishi kitu mpaka mke aulizwe mbele ya watu kama amekubali.

Hapo ndipo tulipoingiwa na hofu, kwa sababu mama yetu hajawahi kujibu swali lolote kwa neno moja.

Mimi ndiye kifungua mimba, tena nafanya kazi ofisini mjini Meru, kwa hiyo nilijiteua mwenyekiti. Jumamosi nzima tulifanya mazoezi sebuleni. Nilivaa miwani ya baba na kukalia kiti chake. Kaka yangu mdogo alikuwa wanakamati wote sita, kila mmoja na kikohozi chake.

"Mama, umekubali nyumba iuzwe?"

Mama akasimama, akatengeneza kitambaa cha kichwa. "Bwana asifiwe. Mimi niliolewa hapa wakati nyumba ilikuwa ya udongo..."

"Mama! Ndiyo ama hapana."

"Kwani nimeshtakiwa?"

Mara ya pili alikubali, ila akataka kujua kama bibi wa mnunuzi ameokoka. Mara ya tatu alikubali vizuri kabisa, kisha akamwarifu mwenyekiti kwamba paa linavuja upande wa jikoni, mtu asije akasema hakuambiwa. Nikamfukuza kikaoni. Alirudi na chai ya wanakamati, kikombe kimoja kwa wote sita. Baba alicheka hadi kifua kikambana, na sote tukabaki tukimsikiliza akitafuta pumzi. Nilikasirika kweli. Nilimwambia mama kwamba asipochunga mdomo wake atamzika mumewe kwa sababu ya michai. Hadi leo natamani ningeyameza maneno yale.

Siku ya bodi tulipanga foleni na vitambulisho vyetu, mama akiwa na gauni la kanisani. Tulipoitwa, mwenyekiti halisi, ambaye hata miwani hakuwa nayo, akamtazama.

"Mama, umekubali?"

"Nimekubali," akasema, akakaa.

Neno moja! Kaka yangu nusura apige makofi. Mwenyekiti akamgeukia baba, ambaye hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria kumfanyisha mazoezi.

"Na wewe mzee, unauza kwa hiari yako?"

Baba ni mzee wa kanisa. Hadanganyi hata mtoto anayepelekwa kudungwa sindano. Alizungusha kofia mikononi, akaizungusha tena.

"Kwa hiari, hapana," akasema.

Karani akaweka kalamu chini. Mnunuzi akasimama, akakaa, akasimama tena. Mimi nilitamani kuingia chini ya benchi.

"Mzee, kama hutaki, hatuwezi kupitisha hii maneno. Kuna mtu anakulazimisha?"

Mama akasimama bila kuitwa.

"Ni mimi. Andika hapo ni mimi namlazimisha. Hiyo nyumba naipenda kuliko yeye, muulize, anajua. Lakini nyumba tutajenga ingine. Mzee mwingine nitatoa wapi, na hii miguu?"

Kicheko kilipasuka hadi kwa watu waliokuwa wakichungulia dirishani. Karani alicheka, wanakamati wakacheka, mnunuzi akakaa kabisa. Baba hakucheka. Alikuwa amemkazia mama macho, na macho yenyewe yalikuwa yamejaa machozi.

"Haya mzee," mwenyekiti akasema taratibu, "nakuuliza tena."

"Kwa hiari," baba akajibu.