Duka Letu la Rutamba

Baba alianza na duka moja Mtanda, akafungua la pili Kikole, la tatu Rutamba. Hilo la tatu nililishika mimi, na ndilo lililomfungisha shangazi, dada yake baba, duka lake. Nataka kulieleza bila kumwonea mtu, ingawa sijui kama nitaweza. Shule yenyewe niliiachia darasa la nne.

Wenye maduka wote walipima tele, kibaba kinafurika mpaka kinamwagika. Baba alipitisha kijiti juu, mchele ukalingana na ukingo, ndiyo mfuto huo, kisha akauza kwa bei ya chini kuliko wote. Hakumwibia mtu, alisema wazi. Wenye senti chache wakapata mchele ambao zamani waliutazama tu.

Kabla ya kufungua Rutamba alimwendea shangazi, mjane aliyeuza pale miaka mingi. Nilikuwapo.

"Dada, tuungane. Ila upime mfuto."

"Nimfutie mtu riziki mbele ya macho yake? Siwezi. Kafungue kwingine, mdogo wangu. Mimi hapa ndipo ninapokula."

"Na huko kwingine nako kuna watu wanakula, dada."

Basi tukafungua, mkabala naye. Msimu wa korosho ulipofika, wateja wakaja kwangu. Mzee mmoja akamchokoza, "Bi mkubwa, tele yako nzuri, lakini kwa mwanao, kwa senti zile zile, naondoka na kibaba, na kiberiti juu!"

Shangazi akacheka. "Nenda tu. Kiberiti hicho ukakitafune."

Mvua zilipoanza, mchele wake uliolala ukaingia wadudu, fukusi. Akaupepeta, akauanika, mnunuzi hakuna. Ningeweza kumwomba baba tupandishe bei kidogo. Sikumwomba. Nilijiambia duka si langu, na kweli halikuwa langu. Lakini pia nilipenda kusikia kwamba Rutamba tunauza kuliko Mtanda. Lipi lilinifunga mdomo zaidi, mpaka leo sijui.

Alipofunga, baba akampa kazi ya kupepeta mchele ghalani mwetu. Kwa nia njema, naamini. Shangazi akakubali.

Asubuhi ya kwanza alikuja na ungo wake.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Nikae wapi?"

Dukani palijaa watu. Nikamwonyesha kwa kidole, nikaendelea kupima.