Nakshi Niliyoifuta

Usiku ule nililala bila kusali, kwa sababu sikujua nimwambie nini Mungu. Asubuhi wazee wa ukoo walikuwa wanakuja kukaa kikao nyumbani, na katika nyumba nzima mimi peke yangu nilijua kwamba wanakuja kumnyang'anya nyumba mtu asiye na kosa.

Basi nikalala. Nikamwona Babu.

Alikuwa kwenye karakana yake nyuma ya nyumba, amevaa ovaroli ya buluu, ile ambayo Bibi alikataa tusimzike nayo. Jua la mchana lilikuwa limeingia dirishani. Hakushangaa kuniona. Mimi pia sikushangaa, ingawa nilikumbuka vizuri kwamba ana miezi miwili kaburini. Alitandika kitambaa cheupe mezani, akaanza kuzipanga bastola zake, moja moja, kama mtu anayelaza watoto.

Zilikuwa nne. Babu alikuwa fundi wa bunduki mjini maisha yake yote, na hizo nne alizikusanya polepole, kila moja na kibali chake. Ni za kizamani, za silinda, ambazo lazima uvute nyundo kwa kidole gumba kila unapotaka kupiga. Lakini Babu hakuzipendea kupiga. Alizipendea nakshi: majani yaliyojikunja kuanzia kwenye silinda mpaka kwenye mtutu, yamechongwa kwa mkono huko huko kiwandani kabla bastola haijauzwa. "Nakshi ya mtaani hata mimi naweza kuchonga," alikuwa akisema. "Hii bastola imezaliwa nayo." Na barua za kiwanda za kuthibitisha alizitunza ndani ya Biblia. Bibi aliziita bastola zile wake wenza. Babu akichelewa kula, utamsikia Bibi anapaza sauti kutoka jikoni: "Waulize wake wenzangu kama wamekupikia!"

"Hao angalau hawana kelele," Babu anajibu.

Lakini kwenye ndoto hasemi kitu. Analaza ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne anaishika, anaipitishia kidole, anarudia tena, kama kipofu anayetafuta uso wa mtu anayemfahamu. Haina kitu. Ni laini, inang'aa kama kijiko.

Niliifuta mimi. Sijawahi kuiandika sentensi hii, hata kwenye daftari hili.

Mwaka jana Babu alipolazwa hospitali, funguo za kabati aliachiwa Baba mdogo Eliya. Jumamosi moja Baba mdogo alizitoa bastola kuzipaka mafuta, kama alivyofundishwa, halafu akaitwa nje na mgeni. Nikabaki nazo. Niliitazama ile ya nne, nikaona weusi umejaa kwenye michoro yake, nikadhani ni uchafu. Nikawasha mashine ya Babu ya kung'arishia vyuma. Nilitaka akirudi aikute mpya, afurahi. Sikujua kwamba ule weusi ndio unaofanya majani yaonekane, na kwamba watu wa kazi ile hupaka mafuta tu, hawasugui kamwe. Majani yaliisha kabla sijaelewa kwamba yanaisha. Nikaizungushia kitambaa chake, nikairudisha mahali pake. Baba mdogo aliporudi alifunga kabati bila kuangalia.

Babu aliporudi na kufungua kile kitambaa, aliuliza swali moja tu.

"Funguo alikuwa nazo nani?"

"Baba, naapa, nilipaka mafuta tu," Baba mdogo alisema.

"Toka kwangu."

Kwetu mlimani mtoto wa mwisho wa kiume ndiye anayerithi nyumba ya baba yake, na Baba mdogo ndiye wa mwisho. Alitoka na begi moja, akaenda kupanga chumba sokoni. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na trei ya chai. Watu husema mimi nina aibu, na ni kweli, hata darasani jibu nikilijua nanyamaza. Lakini siku ile haikuwa aibu. Ulikuwa woga. Babu akafa hawajaongea. Siku ya maziko Baba mdogo alisimama nyuma kabisa ya watu, kama jirani. Na sasa wazee walikuwa wanasema mwana aliyefukuzwa na baba yake hawezi kurithi nyumba.

Mara meza haipo tena. Tuko kwenye migomba, pale tulipomzika. Watu wanaimba lakini sauti haitoki. Babu amekaa ukingoni mwa kaburi lake, miguu ndani, ananinyooshea mikono. Nakshi iko mikononi mwake. Majani yale yale, yamechongwa kwenye ngozi, yanapanda kutoka vidoleni mpaka shingoni, na ndani ya michoro kuna ule weusi. Nami nimeshika kitambaa. Sitaki, lakini mkono wangu unasugua, na kila ninaposugua Babu anapungua. Nalia.

"Babu, niambie niache!"

Anatazama tu jinsi anavyoisha.

Halafu tuko sebuleni na mvua inapiga mabati. Kuna mtu anagonga mlango. Dirishani namwona Baba mdogo, begi lake begani, amelowa mpaka nguo zimemganda mwilini. Babu anahangaika na komeo. Vidole vyake vinapita katikati ya chuma kama moshi. Anajaribu tena, na tena, anahema. Ndipo ananigeukia, kwa mara ya kwanza.

"Aneth. Mimi siwezi tena."

"Babu, ile bastola..."

"Mfungulie mwanangu kwanza."

Nikashika komeo. Nikaamka.

Mto wangu ulikuwa umelowa. Nje hakukuwa na mvua. Nililala pale nikiipitia ndoto yote tangu mwanzo, nikitafuta mahali aliposema amenisamehe. Hakusema. Nilitafuta tena, hakusema popote. Alichonipa ni lile neno moja tu, nami nikaona nikilisubiri lipoe sitalibeba.

Jikoni Bibi alikuwa anamenya ndizi za wageni.

"Umeamka mapema. Una mtihani?"

"Bibi, ile bastola niliisugua mimi. Siyo Baba mdogo."

Kisu kikasimama.

"Rudia."

Nikarudia. Maji yakachemka, yakamwagikia motoni.

"Mwaka mzima, Aneth," akasema. "Mwaka mzima unaniona nalia." Akajifuta mikono kwenye kanga. "Vaa viatu. Twende kwake kabla wazee hawajafika."

Tulimkuta Baba mdogo nje ya chumba chake, amekaa juu ya ndoo, anapiga mswaki.

"Shikamoo, Baba mdogo."

"Marahaba. Mama, mbona alfajiri? Nani tena kafa?"

Bibi alinisukuma kidogo mgongoni. Nikasema. Nilisema yote, mashine, kitambaa, trei ya chai, nikiangalia miguu yake. Nilingoja kofi. Nadhani nililitaka.

Alitema povu.

"Baba alijua?"

"Hapana. Sikumwambia."

"Kwa hiyo alikufa anaamini ni mimi."

Hakusema kwa hasira. Nilitamani angesema kwa hasira. Aliinamisha kichwa, mswaki bado mkononi, mabega yakaanza kutikisika. Bibi akamshika kichwa, akakilaza tumboni kwake kama cha mtoto mdogo. Mimi nilisimama palepale. Hakuna aliyeniambia niondoke.