Nimemweka mume wangu benchi

Leo nimemweka mume wangu benchi mbele ya mama yake, aliyetoka Bahi kuja kumwona akicheza.

Mimi ndiye kocha wa timu yetu ya kikapu. Yeye ndiye mrefu kuliko wote.

Nikaanza na wafupi watano, wepesi, wanaotupia kutoka mbali. Tukaongoza! Nikajiona mjanja.

Saa kumi upepo wetu wa Dodoma ukaanza. Uwanja wa wazi, jamani. Kila mpira wa mbali ukaenda pembeni. Alihitajika mtu wa kufunga chini ya kikapu.

Nikageukia benchi alipo mume wangu. Kumbe keshavua trakisuti, yuko tayari.

Akaingia, tukashinda.

"Ulijua upepo utakuja?" nikamuuliza.

"Tangu asubuhi."

"Mbona hukusema?"

"Kocha ni wewe, Mama Neema."

Sasa niambieni, mtu kama huyu namwekaje benchi tena?