Wacha na Washa

Karakanani kwetu mtu anaweza kutukana na akapona. Neno lisiloruhusiwa ni "wacha". Baba alilipiga marufuku tangu nina miaka kumi na mbili, siku nilipokuwa namshikia tochi akifungua mashine ya mteja. Nilimwambia, "Baba, wacha kwanza," akanizaba kofi ambalo nikilikumbuka mpaka leo sikio linawaka. "Ukitaka nisimame, sema simama," akasema. "Wacha si neno la fundi." Na kuwasha nako hatukusema kuwasha, tulisema "tia moto". Mimi niliona mzee ana gubu tu, mtu wa Kusini anayetaka kuwafundisha watu wa Kariakoo Kiswahili. Wateja walikuwa wanacheka, na mimi nacheka nao.

Sasa karakana ni yangu. Ni chumba kimoja chembamba upande wa Gerezani, na kazi yangu ni mashine za zamani za kusaga kahawa, zile kubwa za madukani. Watu wakiniona mwanamke nimeshika spana huwa wananiuliza fundi yuko wapi, na siku nikiwa na hasira nawaambia fundi amekufa. Baba amestaafu kwa mdomo tu. Kila siku baada ya swala ya adhuhuri anatoka Magomeni kuja kukaa kwenye kiti chake cha plastiki mlangoni, anikosoe.

Mashine ninayotaka kuieleza ililetwa na guta la mizigo asubuhi ya Jumatatu, imefunikwa gunia. Mwenye mali alikuja nyuma yake kwa miguu: mama wa Kichaga, mjane wa mfanyabiashara aliyekuwa na duka jirani na Msimbazi. Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kunitazama. Macho yake yalikuwa kwenye lile gunia.

Nikalivua. Jamani, nilisahau hata kumkaribisha kiti. Chuma cha kumimina, kizito mpaka wanaume wanne walihema kukishusha, faneli ya shaba juu, gurudumu la mkanda ubavuni, na mbele, nyuma ya kifuniko, meno mawili ya duara yanayotazamana. Mashine za siku hizi unazibeba kwapani. Hii ilikuwa imeketi sakafuni kama mwenye nyumba.

"Nataka isage tena," mama akasema. "Duka nalifungua upya, na kahawa ya kwanza nataka itoke humu. Ila swichi usiirudishe ilivyokuwa. Ilikuwa ukutani, mbali, mtu mwingine ndiye anawasha. Nitengenezee namna ambayo aliyeingiza mkono hawezi kuwashiwa na mwenzake."

Nikamwambia hilo dogo. Nitafunga swichi chini ya mfuniko wa faneli. Mfuniko ukifunuliwa umeme unakatika, hata akija rais kubonyeza haiwaki. Hakucheka. Mkono wake wa kulia ulikuwa ndani ya kitenge muda wote, nami nikadhani ni baridi yabisi, wazee wengi wanayo.

Mchana baba akaja. Kwa kawaida anaanza kulaumu kabla hajakaa, lakini siku hiyo alisimama mlangoni, kofia mkononi. Kisha akaisogelea mashine taratibu, akaiwekea kiganja kooni, pale chini ya faneli punje zinapoingilia.

"Imetoka wapi hii?"

Nikamweleza. Hakuuliza lingine. Akasema presha imempanda, akaondoka, chai yake ikabaki inatoa mvuke. Jumanne hakuja. Jumatano hakuja. Nikampigia simu, akanijibu, "Malizia kazi ya watu," akakata. Nilinuna. Nilijua kinachomuuma: binti yake amepata mashine ambayo yeye katika maisha yake yote hakuwahi kuipata. Ndivyo nilivyofikiri, na sioni haya kusema kuwa nilifurahi kidogo.

Nikaendelea na kazi. Nilianza kwa mafuta ya taa na kisu butu, maana mafuta ya kahawa ya miaka na miaka yalikuwa yamegandana kama lami. Rangi niliivua tabaka kwa tabaka, nyekundu, chini yake kijani, chini kabisa nyekundu nyingine iliyokoza. Beringi zilikuwa zimekwisha. Meno nikampelekea mkereza vyuma jirani, tukagombana nusu saa kuhusu kina cha mifereji, mwishowe akafanya nilivyotaka. Kooni kuna parafujo nene inayosukuma punje kuelekea kwenye meno. Ile ilikuwa nzima, ina makali bado. Niliisafisha kwa brashi, vidole nikavitoa haraka, ingawa plagi nilikuwa nimeifungua, iko mfukoni mwangu.

Alhamisi mama akaja kutazama kazi ilipofikia. Nikamkaribisha chai ya tangawizi. Akajisahau, akatoa mkono wa kulia kuipokea. Kidole cha shahada hakipo. Cha kati hakipo.

Mdomo wangu hauna breki. "Mama, ni mashine hii?"

"Ni hiyo," akasema, akashika kikombe kwa vidole vilivyobaki. "Miaka arobaini sasa. Nilikuwa bi harusi wa miezi mitatu. Kahawa ilikuwa imekaangwa mpaka inatoka mafuta, haishuki. Nikaingiza vidole kuisukuma. Palikuwa na kijana wetu wa dukani, ametoka Kusini, mpole sana, amesimama kwenye swichi. Nikamwambia wacha. Yeye akasikia washa."

Aliyasema hayo bila kutafuta neno, kama mtu aliyeyasema mara nyingi.

"Na huyo kijana?"

"Alikimbia siku ileile. Mume wangu alimtafuta na watu wenye marungu. Hakuonekana tena."

Nilichoka. Sijui neno jingine. Nilisikia kelele za wachomeleaji nje zikienda mbali. Tia moto. Simama. Lile kofi. Maisha yangu yote nilidhani ni lugha. Nikamwambia tu kazi itakuwa tayari Jumamosi saa nne asubuhi.

Hata vifaa sikupanga. Nilifunga mlango nikaenda Magomeni. Nilimkuta baba uani, redio iko pajani.

"Shikamoo. Baba, uliwahi kufanya kazi duka gani pale Msimbazi?"

Akaizima redio. Sisi watoto tunajua baba alianza maisha ya Dar bandarini, kubeba magunia, na huko ndiko alikojifunza ufundi. Hakuna duka katika hadithi hiyo.

"Amekwambia nini?" akauliza.

Nikamwambia yote. Alisikiliza akiangalia sakafu. Kisha akasema kuwa bandarini alianza kesho yake, asubuhi, akiwa hajalala, na shati alilovaa lilikuwa la kuazima kwa sababu lake lilikuwa na damu.

"Mimi nilisikia washa," akasema. "Wallahi nilisikia washa. Lakini mtu gani ana mkono ndani ya mashine aseme washa? Hakuna. Basi alisema wacha, ni masikio yangu. Nimekaa na masikio haya miaka arobaini, siyaamini."

Badala ya kumwonea huruma nilimkasirikia. Nikamwambia Magomeni na Msimbazi ni mwendo wa miguu, miaka yote hiyo imempita, hakuweza kwenda kusema hata pole? Watoto amewalea kwa hofu, kofi amenipiga mimi, na mwenye mkono wake hajawahi kusikia neno kutoka kwake?

"Ningemtazamaje?"

"Jumamosi saa nne atakuwa karakanani. Utamtazama hapo."

"Siji," akasema, akawasha redio.

Jumamosi mama alifika kabla ya saa nne. Mashine ilikuwa inang'aa, nyekundu ile ya kwanza, shaba imepigwa msasa mpaka unajiona. Nilimimina kahawa, nikafunika, nikaiwasha, unga ukashuka laini na harufu ikajaa mpaka wapita njia wakachungulia. Nikafunua mfuniko, mashine ikazima. Mama akaomba afanye mwenyewe. Alifunua na kufunika, akafunua na kufunika, kila mara inazima palepale, naye anatikisa kichwa kwa kuridhika. Nilikuwa nimeshakata tamaa na baba.

Kisha nikamwona mlangoni. Amevaa shati jeupe, limepigwa pasi, kafunga vifungo mpaka shingoni. Miguu ilikuwa haitaki kuvuka kizingiti.

"Shikamoo, dada," akasema.

"Marahaba," mama akaitikia, kama unavyomwitikia mtu yeyote.

"Mimi ndiye niliyewasha."

Mama alipapasa nyuma yake akitafuta pa kukaa, akakiona kiti cha plastiki, akakaa. Akamtazama baba kuanzia viatu mpaka kofia. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio, nimejiandaa kwa laana, hata maji nilikuwa nimeyaweka karibu. Hakufanya lolote. Baba akavuka kizingiti, akaanza maneno ambayo bila shaka aliyapanga njia nzima.

"Nisamehe, dada. Masikio yangu yalinidanganya. Wewe uliposema wacha, mimi—"

"Usiseme hivyo," mama akamkatiza.

"Niache niseme. Uliposema wacha—"

"Sikusema wacha."

Mimi nilidhani mama amechanganyikiwa.

"Nilisema washa," mama akasema. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Nilitaka izunguke huku nasukuma. Ndivyo nilivyokuwa nafanya peke yangu, nikiwasha mwenyewe, kila mume wangu akitoka. Alikuwa amenikataza, alikuwa mkali, ulimjua. Hospitalini akaniuliza imekuwaje, nikaogopa. Nikasema nilikwambia wacha. Nilijua utarudi, nikajiambia ukirudi nitasema kweli. Hukurudi. Halafu kila mtu akawa anaijua hadithi, nikaendelea nayo."

Nilisikia damu ikipanda kichwani. Nilitaka kumrukia, mama mzima mwenye umri wa kuamkiwa. Juzi tu amekaa hapa, amekunywa chai yangu, akanihadithia uongo uleule mtulivu, nami nikaubeba mpaka Magomeni nikamtupia baba usoni. Nikafungua mdomo. Baba akaniinulia kiganja, akanizuia bila kugeuka.

"Sema tena," akamwambia mama.

"Nilisema washa."

"Tena."

"Washa. Nilikwambia washa, mdogo wangu, na wewe ukawasha." Sasa alikuwa analia, mkono wake umetoka nje ya kitenge, uko pajani, haufichi tena.

Baba hakulia. Hakusema amesamehe wala hajasamehe, na mpaka leo hajasema. Alisimama katikati ya karakana, mikono imening'inia, shati lake jeupe limeanza kulowa mgongoni.

"Kumbe nilisikia vizuri," akasema.

Kisha akanigeukia mimi, na katika uso ule niliouzoea nikaona kijana wa miaka ishirini na mbili nisiyemjua, akaniuliza kama na mimi nimesikia.