Kikohozi Kisichokuwemo Kwenye Santuri

Siku yangu ya kwanza kazini, mwaka 1978, Fundi Mkuu wa gari la sinema alinipa kitambaa cha pamba na chupa ya spiriti, akaniambia nisiguse kitu kingine mpaka aseme mwenyewe. "Sauti inapita hapa," alisema, akinionyesha kioo kidogo ndani ya projekta, ile mashine ya kurusha picha kwenye shuka jeupe. "Ukiacha vumbi, watu watasikiliza vumbi." Nilisafisha kioo hicho miezi mitatu kabla ya kuruhusiwa kushika filamu. Ninyi mnaogusa simu ikaimba mnaweza kucheka, lakini hiyo ilikuwa kazi na nilifundishwa kuiheshimu.

Tulizunguka Karagwe yote, Mabira na Bugomora zikiwemo, maana Kyerwa, zilipo sasa, ilikuwa bado haijawa wilaya inayojitegemea. Filamu nyingi zilikuwa za kupogoa kahawa na kuchimba vyoo. Ya burudani tulikuwa nayo moja tu, ya Kihindi, na tuliionyesha mpaka wananchi wakaijua kuliko sisi. Humo mna binti anayeolewa, anaiaga nyumba ya kwao kwa wimbo. Baba yake amejifungia chumbani, hataki kuonekana. Katikati ya wimbo baba anakohoa nyuma ya mlango. Ngoma zinanyamaza, binti anageuka, anasubiri kidogo, kisha anamalizia wimbo na kuondoka.

Maneno ya wimbo hakuna aliyeyaelewa, ila kikohozi kila mtu alikielewa. Kwetu baba hakulia mbele ya wageni. Siku ya kumtoa binti alikaa ndani na wazee wenzake, mbele yake kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, akijifanya anazungumzia migomba. Basi kina mama wa Mabira wakauchukua ule wimbo, wakautilia maneno ya Kinyambo, lugha yetu, wakauimba siku za kumtoa binti, na walipofika katikati walinyamaza. Baba akakohoa. Binti akageuka mlangoni, akasikia kwamba ameagwa, ndipo akaendelea na safari. Hakuna aliyekaa kikao kulipanga jambo hilo. Baada ya misimu michache ya kahawa lilikuwa limeshakuwa desturi, na baba asiyekohoa alisemwa.

Gari lilipokufa injini na vipuri vikakosekana, nilihamia Omurushaka kwenye duka la santuri na kaseti. Mwenye Duka alikuwa mtu mnyoofu aliyependa kila kitu kikae kwenye boksi lake. Kazi yangu ilikuwa kurudufu, yaani kuhamisha sauti kutoka kwenye santuri kwenda kwenye kaseti. Unafuta vumbi, unashusha sindano taratibu, unatazama kishale cha sauti kisiingie kwenye nyekundu. Mkanda ukilegea unauzungusha kwa penseli. Ukimaliza unavunja vile vipande viwili vya plastiki mgongoni mwa kaseti, ili mtu asije akarekodi juu yake kwa bahati mbaya. Nilikuwa hodari, na sioni sababu ya kulisema hilo kwa sauti ya chini.

Ndipo ikaja santuri ya mseto ya ile filamu yetu, nyimbo zake zote zimekusanywa pamoja. Watu walipanga foleni. Siku hizi kuna wasomi wanaosema santuri za namna ile zilikuwa ulaghai. Waache waseme. Mtu aliyeiona filamu mara moja, amekaa kwenye nyasi, angeipata wapi tena? Kwa kaseti ile alikuwa na filamu nzima kichwani huku anaanika kahawa. Waimbaji wanne tofauti, wa kulia na wa kuchekesha, wote upande mmoja. Lakini kasoro zilikuwepo, nazo sizifichi. Nyimbo mbili hazikuwemo kabisa kwenye filamu. Ule mlio wa filimbi wa mtoni, ambao kila mchunga ng'ombe wa Bugomora aliupiga kwa mdomo, haukuwekwa. Wimbo wa mwisho ulikuwa umewekwa wa kwanza.

Na wimbo wa kuaga uliimbwa moja kwa moja, bila kusimama. Hilo sikuligundua, na hapo nakiri kosa langu. Nilitazama kishale, sikusikiliza wimbo. Nikamrudufia Ta Bernado, mzee wa Mabira, aliyekuwa akimwoza bintiye Adela kwa watu wa mbali. Alikuwa ameazima redio kubwa ya spika mbili na alitaka kina mama wapumzike kuimba siku hiyo.

Nilialikwa, kwa hiyo niliyaona kwa macho yangu. Adela alitoka chumbani, redio ikaimba. Ilipofika pale tunapopajua, wageni wote wakanyamaza, wakasubiri. Kaseti haikusubiri. Ngoma zilienda mbele, na Adela, akidhani baba yake amekataa kumuaga, akainamisha kichwa na kuvuka kizingiti. Kikohozi cha Ta Bernado kikatoka kimechelewa, kikamezwa na ngoma. Akakohoa tena kwa nguvu zaidi. Vijana nje wakaangua kicheko. Binti alikuwa ameshapanda gari, na hakugeuka.

Kesho yake mzee alitembea mpaka Omurushaka na ile kaseti mfukoni.

"Shikamoo, Ta Bernado," nilimwambia.

"Marahaba. Mashine yako imemeza kikohozi."

"Haikumeza, waitu," nilimjibu kwa heshima ya kwetu. "Kwenye santuri hakimo."

"Basi santuri ni mbovu. Kiwekeni."

Mwenye Duka akatoka nyuma ya kaunta. "Mzee wangu, wenyewe waliuimba hivyo studio. Kikohozi kilikuwa cha filamu, si cha wimbo."

Ta Bernado akasoma jalada la santuri, polepole, neno kwa neno. "Hapa pameandikwa nyimbo za filamu. Za filamu ipi?"

Mwenye Duka akaenda kula chakula cha mchana. Nami nikapata nafasi. Nilirekodi wimbo mpaka katikati, nikabonyeza kitufe cha kusimamisha, nikachomeka maikrofoni na kumwambia mzee akohoe. Cha kwanza kilikuwa kikohozi cha mwenye mafua. Cha pili, cha mtu anayefukuza mbuzi kwenye kibanja cha migomba. Nikarudisha mkanda nyuma mara zote mbili. Kisha mzee akakaa juu ya kreti la soda, mikono magotini, na sikumharakisha. Kikohozi kilichotoka baadaye kilinifanya nitazame pembeni. Nikachomoa maikrofoni, nikaachia wimbo uendelee.

Kaseti ile ilisafirishwa kwa basi mpaka kwa Adela. Alijibu kwa barua fupi kwa baba yake: ameisikiliza akiwa mlangoni kwake, na amegeuka. Ta Bernado aliniletea barua hiyo niisome mwenyewe.

Habari zikaenea, wateja wakaanza kuulizia ile yenye kikohozi. Mwenye Duka akaniita.

"Unaharibu kazi ya watu. Kifute."

"Sifuti."

"Kikohozi si muziki."

"Kwenu labda."

"Duka hili ni langu."

"Ni lako, na deki ya kurekodia ni yako. Mimi naondoka na masikio yangu."

Niliondoka siku hiyohiyo. Nilifungua kibanda Mabira kwa deki iliyotumika na betri ya gari, na kila aliyemwoza binti alikuja kukohoa kwangu. Walionidhihaki kwamba nauza mafua sikuwajibu, nilikuwa na kazi nyingi.

Miaka ya tisini ikaingia na sidii, zile sahani ndogo zinazong'aa. Nikastaafu, yaani wateja waliacha kuja. Nikarudi kwenye kahawa yangu nikiamini nimemaliza, mpaka binti yangu Domitila alipochumbiwa.

Siku ya kumtoa, kijana wa muziki alitoka Bukoba na sidii ya mseto uleule. "Safi kabisa, mzee," aliniambia. "Hata mkwaruzo hausikiki." Nilimwambia katikati asimamishe. Akaniambia wimbo haukatwi, utamharibia jina. Nikamwacha. Nikakaa ndani na wazee kama inavyopasa, nikaongelea migomba.

Wimbo ulipoanza nilisimama. Baba haruhusiwi kutoka, nalijua hilo, na wazee walinivuta koti. Nilitoka. Nilipita katikati ya wageni na suti yangu mpaka kwenye ile mashine, na ngoma zilipofika pale pake nikabonyeza kitufe cha kusimamisha, kidole nikakiacha juu yake. Kijana akaanza kusema kitu, nikamtazama, akarudi nyuma hatua moja.

Domitila alikuwa kizingitini, amegeuka. Nimewarekodi akina baba wengi wa wilaya hii, nikawafundisha namna ya kukaa na mahali pa kuvuta pumzi. Kikohozi changu mwenyewe hakikutoka. Watu wote walikuwa wakinitazama, machozi yakinitoka mbele ya wakwe, na sikuyafuta. Mwanangu hakuondoa mguu. Alisubiri.

Nikakohoa. Akaitikia kwa kichwa, akavuka, nami nikaachia wimbo uendelee.