Ile ya Kuruka

Ofisini walimwita Akidi, na jina hilo alilitafuta mwenyewe. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa karani wa vikao katika ofisi ya maji, na hakuna kikao kilichoanza kabla hajakohoa, akahesabu vichwa kwa ncha ya kalamu, akauliza, "Je, akidi imetimia?" Hata wakiwa watatu wamekaa kunywa chai, aliuliza.

Watu walidhani kazi yake ni kuandika yanayosemwa. Wapi! Kazi yake ilikuwa kuyaandika yaonekane kama hayakusemwa. Mkurugenzi akipiga meza na kuapa kwamba mabomba mapya yatafika kabla ya mvua, Akidi aliandika: "Mkurugenzi alishauri jambo la mabomba liangaliwe." Wakubwa wawili wakitukanana mpaka glasi ikavunjika, aliandika: "Wajumbe walibadilishana mawazo." Na siku fundi mitambo mzee alipoambiwa kwamba ile nyumba ya ofisi aliyoahidiwa amepewa mtu mwingine, akatoka huku akifuta macho kwa kofia yake, Akidi aliandika: "Fundi alielezwa, naye alionyesha kuridhika." Wakurugenzi watano walikuja wakaondoka, na hakuna hata mmoja aliyewahi kubanwa kwa ahadi yake. Kila aliyeondoka alimpa Akidi mkono na kumwambia kwamba ofisi bila yeye ingeungua.

Mtu wa namna hiyo akifika nyumbani haweki kalamu chini. Kila Jumapili saa tisa alasiri, vyombo vikishaondolewa mezani, Akidi alifungua daftari kubwa lenye jalada gumu na kuitisha kikao cha familia. Wajumbe walikuwa watano. Yeye alikuwa mwenyekiti na katibu. Mkewe, fundi cherehani, alihudhuria na pazia la mteja mapajani, akilipinda. Mama mkwe alisinzia tangu ajenda ya kwanza, lakini alihesabiwa ili akidi itimie. Binti mkubwa, wa miaka kumi na sita, alisema "naunga mkono" hata kabla hoja haijatolewa, mradi tu aachiwe arudi kwenye simu yake. Na kitinda mimba, msichana wa miaka minane, ndiye peke yake aliyeamini kwamba kikao kile ni kikao kweli.

Huyo kitinda mimba ndiye aliyeleta hoja. Jirani wa geti jeusi alikuwa amenunua trampolini akaiweka nyuma ya ukuta, na tangu siku hiyo vichwa vya watoto wake vilikuwa vikichomoza juu ya ukuta na kuzama, vikichomoza na kuzama. Mtoto alisimama uani, kati ya tangi la maji na kamba ya nguo, akizungumza navyo kwa mafungu.

"Hujam—" kilisema kichwa kimoja kikapotea.

"—bo!" kikamalizia kilipopanda tena.

Kwenda kuruka kule alikatazwa. "Mwanangu hatakwenda kuombaomba kuruka kwenye nyumba za watu," Akidi alisema, na hilo halikuhitaji kikao.

Basi Jumapili mtoto akanyoosha mkono na kuomba wanunue yao. Ubishi wa kwanza ulikuwa juu ya jina. Binti mkubwa alisema trampolini. Mama mkwe aliamka akasema tarambolini. Mke alisema, "Lile dude la jirani." Akidi akatangaza kwamba daftari lake halipokei maneno ambayo hayajathibitishwa, akaandika kwenye ukurasa wa tatu: "Chombo hicho, ambacho kuanzia sasa kitaitwa 'ya kuruka'."

"Kwani kitatosha uani?" aliuliza mama mkwe.

"Nitapima mimi, mama," alisema mkewe, akatoa futi yake ya kushonea shingoni. "Nikihamisha kamba ya nguo, kinatosha."

"Mtoto akirukia upande wa pili wa ukuta je?"

"Bibi, kina wavu," alisema kitinda mimba.

"Naunga mkono," alisema dada yake.

Hapo, kwa ukoo wowote wenye akili timamu, jambo lilikuwa limekwisha. Lakini Akidi aliunda kamati ndogo ya vipimo. Kamati ndogo ilileta taarifa, akaomba taarifa ya nyongeza. Ikaja taarifa ya nyongeza, akaona ni busara kusubiri mvua ipite, kisha kusubiri jua lipungue. Mwisho akaandika maneno yaliyozika mabomba na ahadi nyingine za ofisini: "Wajumbe waliona wazo ni zuri. Jambo liangaliwe." Sababu yenyewe hakuiandika popote. Ilikuwa kwamba hakutaka jirani wa geti jeusi afikiri ameigwa.

Mtoto aliyeambiwa jambo linaangaliwa alisubiri kama alivyoambiwa. Alisubiri miezi mitatu. Jumamosi moja asubuhi, uvumilivu ulipomwishia, akapanda kitanda cha wazazi wake chenye godoro la springi, akaruka mara ya kwanza, ya pili, na ya tatu akatua sakafuni juu ya mkono wake wa kushoto. Mama yake alisikia mlio wa mfupa akiwa kwenye cherehani.

Hospitali walimfunga hogo, ile plasta nyeupe ngumu, toka kwenye kiganja mpaka juu ya kiwiko. Akidi alisimama pembeni. Alikuwa ameona picha ya mfupa wa mwanawe ukiwa vipande viwili, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuwa na neno la kulainishia kitu kile. Mfupa umevunjika, basi.

"Baba," alisema mtoto, macho bado yana machozi, "shuleni mtu akifungwa hogo wenzake wanamwandikia. Wewe andika wa kwanza."

Daktari akampa kalamu ya wino mzito. Akidi akainama, na moyo ndio ulioandika: "Ukipona nitakununulia ya kuruka." Hapo angeishia, angekuwa salama. Lakini mkono una mazoea yake. Ulishuka wenyewe mstari wa chini ukaweka sahihi, ile yenye mkia mrefu ya ofisini, ukaweka tarehe, na kabla hajauzuia ukaongeza: "Nakala: Mama." Daktari alicheka mpaka akaegemea ukuta.

Wiki sita mtoto alitembea na ahadi hiyo mkononi, akaionyesha darasa zima na mlinzi wa shule. Akidi naye alikuwa mpole kupita kiasi. Ili kumtuliza, alimteua katibu msaidizi, kwa kuwa mkono wa kulia ulikuwa mzima, akamfundisha kazi kila alasiri mezani.

"Hatuandiki 'amekataa'," alimwambia. "Tunaandika 'alishauri jambo liangaliwe'. Hatuandiki 'waligombana'. Tunaandika 'walibadilishana mawazo'."

"Na mtu akikubali lakini shingo upande?"

"Tunaandika 'alionyesha kuridhika'."

"Hata kama analia?"

"Hapo ndipo hasa tunaandika hivyo," alisema Akidi, akajisikia fahari kwamba mtoto ana kipaji.

Hogo likakatwa. Mkono ukawa mzima, mwembamba kidogo. Na hofu ya Akidi ilipotoka, busara yake ikarudi. Jumapili iliyofuata, kwenye ajenda ya yatokanayo na vikao vilivyopita, katibu msaidizi akanyoosha mkono, wa kushoto kwa makusudi.

"Baba, nimepona. Ile ya kuruka tunanunua lini?"

"Ya kuruka?" Akidi alipekua daftari. "Kumbukumbu ya mwisho inasema jambo liangaliwe."

"Uliniahidi hospitali."

"Mimi? Nilisema lini? Iko kwenye kumbukumbu?"

Akamruka kimanga, mchana kweupe, mbele ya mama yake. Mtoto hakubishana. Alishuka kwenye kiti, akaenda chumbani, akarudi na mfuko wa plastiki. Akatoa vipande viwili vya hogo alivyomwomba mkataji asivitupe, akaviunganisha juu ya meza. Sindano ya mkewe ilisimama hewani. Mama mkwe aliamka, akavaa miwani, akasoma taratibu hadi mwisho.

"Mkwe wangu," alisema, "huu mkia mrefu si wa sahihi yako?"

"Na nakala yangu sikuipata," alisema mkewe.

"Naunga mkono," alisema binti mkubwa, na safari hii alikuwa amesikiliza.

Akidi alikuwa amejikaanga kwa mafuta yake mwenyewe. Aliyaangalia maandishi yale juu, chini, akatafuta neno la kujishikiza, na kwa kuwa alikuwa bingwa alilipata. Rangi ikamrudia usoni. "Ahadi ni ahadi," alisema. "Jumamosi mtaiona ya kuruka."

Jumamosi mkewe alihamisha kamba ya nguo, akaifunga upande wa jikoni. Kitinda mimba alichora duara kubwa uani kwa kipande cha mkaa, akafagia ndani yake mara mbili. Nyuma ya ukuta kichwa kilichomoza. "Imefi—" kikazama. "—ka?"

"Baba yuko njiani!" alijibu mtoto, na sauti yake ilisikika hadi barabarani.

Akidi aliingia na bahasha ya karatasi kwapani. Mtoto aliangalia nyuma yake kama kuna gari linashusha mzigo. Hakukuwa na gari. Akidi akaingiza mkono kwenye bahasha, akatoa kamba yenye vishikio vyekundu vya mbao.

"Ya kuruka," alisema.

Alikuwa amejiandaa kwa ubishi. Alijua fika kwamba ukurasa wa tatu, kwa mwandiko wake, unasema ya kuruka ni chombo gani, na majibu alikuwa nayo mawili, yote mazuri. Ila hakuna aliyeuliza. Mkewe alimtazama, akageuka, akaanza kuirudisha kamba ya nguo mahali pake. Mtoto alipokea kwa mikono miwili.

"Asante, Baba."

Akaruka kamba katikati ya duara lake, mara moja, mara mbili, mara tatu, kisha akaitundika kwenye bomba la tangi. Kichwa kilipochomoza tena na kuuliza, aliingia ndani.

Akidi alikula vizuri siku ile. Alijiambia kwamba watoto husahau. Kwenye kikao cha Jumapili alihesabu vichwa, akidi ikatimia, akamwomba katibu msaidizi asome taarifa ya utekelezaji. Mtoto alisimama wima kama alivyofundishwa. Mwandiko wake ulikuwa safi, hauna mahali palipofutwa.

"Jumamosi, Baba alinunua ya kuruka," alisoma. "Katibu msaidizi alielezwa, naye alionyesha kuridhika."

Akakaa.

Ilikuwa sentensi nzuri. Mkurugenzi yeyote angeipenda. Akidi aliitikia kwa kichwa kabla haijamfika, halafu ikamfika. Aliiona kofia ya fundi mitambo ikipanda usoni. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa peke yake duniani aliyejua kinachowekwa chini ya maneno yale, na sasa walikuwa wawili, na mwenzake alikuwa na miaka minane. Alimtazama mtoto machoni akitafuta hasira, maana hasira angeiweza. Hakuikuta. Mtoto alikuwa anasubiri ajenda inayofuata. Aibu ilimpanda Akidi toka miguuni, na uchungu juu yake.

"Futa hiyo," alisema.

"Baba, ulisema kumbukumbu zikishasomwa hazifutwi."

"Nilisema." Alinyoosha mkono. "Nipe kalamu."

Aliandika polepole kuliko siku zote, kwa sababu hakuwa na mazoea na maneno ya aina hiyo. Kisha akaweka sahihi, akaligeuza daftari, akalisukuma upande wa pili wa meza. Mtoto akasoma kwa sauti, kidole chini ya kila neno.

"Baba alidanganya. Baba atanunua trampolini Jumamosi."

Mkewe aliweka pazia mezani. Binti mkubwa alifunika simu yake. Hata mama mkwe alikuwa macho. Mtoto aliipitia sahihi, akaupima mkia wake kwa ukucha, lakini hakutabasamu bado.

"Jumamosi ipi?" aliuliza.

Akidi akavuta daftari, akaandika tarehe.

"Saa ngapi?"

Akidi aliangalia saa ya ukutani, akaandika: saa nne asubuhi.